Santuri za Mifupa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Muziki wa Marufuku Katika Umoja wa Kisovieti

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi jinsi vijana wa Leningrad (leo St. Petersburg), miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, walivyonakili muziki uliokatazwa juu ya picha za eksirei. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba wasomaji hawatosheki kuambiwa kuwa jambo hilo lilitokea. Wanataka kujua lilifanywaje, kwa vifaa gani, na aliyekamatwa alipatwa na nini. Haya ni maswali sita kati ya tuliyopokea.

Ndugu Wahariri, kwa nini eksirei na si kitu kingine? Na mtu asiye na kiwanda aliwezaje kuchonga santuri?

Eksirei ilitumika kwa kuwa ilipatikana na ilifaa. Viwanda vyote vya santuri vilikuwa mali ya dola, na malighafi yake haikuuzwa dukani. Hospitali nazo zilikuwa na marundo ya filamu za zamani zilizopaswa kuondolewa, maana filamu za enzi hizo zilishika moto upesi na kuziweka stoo kulikuwa hatari. Mhudumu wa hospitali alizitoa bure au kwa malipo kidogo. Filamu yenyewe ni laini kiasi cha kukubali kuchongwa kwa sindano, na ni ngumu kiasi cha kuushika mfuo, yaani mstari mwembamba unaobeba sauti, usifutike papo hapo. Karatasi haina ugumu huo, na bati ni gumu mno kwa mashine ndogo.

Mashine ya kwanza iliyojulikana ilikuwa Telefunken ya Kijerumani. Stanislav Philo aliitumia katika duka lake la kurekodi sauti kwenye barabara ya Nevsky, ambako mteja aliweza kuingia, kusema salamu zake na kuondoka na santuri ndogo. Hiyo ilikuwa biashara halali ya mchana. Kijana mmoja fundi, Ruslan Bogoslovsky, aliitazama mashine ile, akaipima, akaichora, kisha akaunda ya kwake. Pamoja na Boris Taigin na wenzao wachache wakaanza kazi ya siri waliyoiita Mbwa wa Dhahabu.

Mashine ya kuchonga ni gramafoni iliyogeuzwa kazi. Kwenye gramafoni, mfuo huitikisa sindano na sindano hutoa sauti. Kwenye mashine hii sauti, ikisha kukuzwa na amplifaya, huitikisa sindano kali, nayo huchora mfuo. Skrubu ndefu inayozungushwa na injini ileile huusogeza mkono wa sindano polepole kuelekea katikati. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Nyimbo zilichongwa kwa mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 3 ni mizunguko 234. Ukiwa na upana wa sentimita 7 wa kuchongea, kila mfuo unapata takriban sehemu 3 za kumi za milimita. Skrubu ikilegea kidogo tu, mfuo mmoja unaingia katika mwingine na wimbo unaanza kujirudia neno lilelile bila kusonga.

Kazi ilikwenda hivi. Filamu ilisafishwa na kukaushwa. Duara la sentimita 23 hadi 25 lilichorwa kwa bikari au kwa kuzungushia santuri halisi, likakatwa kwa mkasi mdogo wa kucha, kwa kuwa mkasi mkubwa huacha kona. Tundu la katikati lilichomwa kwa sigara. Kisha santuri halisi, iliyoletwa na baharia au mwanajeshi aliyerudi kutoka Ujerumani, iliwekwa kwenye gramafoni ya kwanza, filamu ikawekwa kwenye mashine, na vyote viwili vikaachwa vizunguke mpaka wimbo uishe. Haikuwezekana kuharakisha: nakala moja ya wimbo wa dakika 3 ilichukua dakika 3, na nakala ishirini zilikula saa nzima bila kuhesabu muda wa kubadilisha filamu. Upande mmoja tu ndio uliochongwa, kwa kuwa filamu ni nyembamba mno kubeba mifuo pande zote mbili.

Sasa makosa, maana msomaji mmoja ameuliza kwa nini santuri hizi zinaposikilizwa leo sauti huyumba kama mtu anayeimba huku akibembea. Kosa kubwa ni tundu. Likikosa kitovu kwa milimita 1 tu, sauti hupanda na kushuka mara moja kila mzunguko. Mwanzoni mwa wimbo, sindano ikiwa sentimita 10 kutoka katikati, tofauti ni asilimia 1 juu na 1 chini. Mwishoni, sindano ikiwa sentimita 5 kutoka katikati, inakuwa asilimia 2. Ndiyo maana wimbo huharibika zaidi kadiri unavyokaribia kuisha. Kosa la pili ni kujikunja. Filamu iliviringishwa ili ifichwe ndani ya mkono wa koti, nayo ikabaki na umbo hilo. Dawa yake ilikuwa kuilaza juu ya santuri ya kawaida na kuibana kwa sarafu. La tatu ni mfuo kuwa wa kina kifupi, hata sehemu zenye kishindo zikairusha sindano. Kisha kuna uchakavu: gramafoni za wakati huo zilikuwa na sindano nzito za chuma, na kila uchezaji ulikwangua sehemu ya wimbo. Mara ya kwanza unasikia tarumbeta, na baada ya siku kadhaa mchakacho umeshaifunika.

Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona mbavu, nyonga au fuvu la mtu usiyemjua. Hapo ndipo lilipotoka jina la mitaani, muziki wa mbavu, au wa mifupa.

Je, ni kweli kwamba santuri hizo zote zilikuwa jazi na roki ya Kimarekani?

Hapana, na kosa hili limeenea sana. Sehemu kubwa ya walichonunua watu ilikuwa muziki wa dansi uitwao tango na nyimbo za mahaba za Kirusi, zilizoimbwa na Warusi walioishi nje ya nchi. Jina la kwanza ni Pyotr Leshchenko, aliyeimba Bucharest na kufia gerezani Romania mwaka 1954. Wa pili ni Alexander Vertinsky, ambaye hata baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani mwaka 1943 nyimbo zake nyingi hazikupewa nafasi kwenye santuri za dola. Zilikuwepo pia nyimbo za wafungwa. Jazi ilikuwa pamoja nazo, na roki ikafuata katikati ya miaka ya 1950.

Tunalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha maana ya marufuku yenyewe. Ingekuwa shida ni Marekani tu, tango la Kirusi kuhusu mwanamke aliyeondoka lisingemsumbua mtu. Leshchenko alikatazwa kwa kuwa alihesabiwa msaliti. Wimbo wa mfungwa ulipigwa marufuku kwa kuwa ulitaja gereza. Kila wimbo ambao haukupita kwenye meza ya mkaguzi ulikuwa na kosa, hata ungekuwa hauna neno la siasa ndani yake.

Wale vijana wa Kisovieti wa mavazi ya ajabu walikuwa wapinzani wa serikali, au masharobaro tu? Na je, sheria ilikataza suruali ya kubana?

Jina lao, *stilyagi*, yaani watu wa mtindo, lilianza kuvuma tarehe 10 Machi 1949, gazeti la vichekesho la Krokodil lilipochapisha makala ya kumdhihaki kijana wa aina hiyo. Walijulikana kwa koti refu lenye mabega mapana, tai yenye rangi za kupiga kelele, suruali iliyobana hadi kwenye kifundo, nywele zilizoinuliwa mbele kama kishungi cha jogoo, na viatu vyenye soli nene nyeupe vilivyoitwa vya uji wa semolina. Soli hizo hazikuuzwa popote. Fundi viatu aliongeza tabaka za mpira mpeupe chini ya kiatu cha kawaida, na kiatu kikawa kizito ajabu. Suruali ilipunguzwa nyumbani kwa mkono. Matembezi yao yalikuwa barabara ya Gorky mjini Moscow, waliyoibatiza Broadway, jina la barabara maarufu ya New York.

Hapakuwa na sheria ya suruali. Palikuwa na doria za Komsomol, Umoja wa Vijana wa Kikomunisti, zilizoingia kwenye kumbi za dansi na mikasi, zikakata nywele na kupasua miguu ya suruali, kisha picha ya aliyenaswa ikabandikwa ukutani kazini au chuoni ili wenzake wamcheke. Aibu hiyo ilikuwa na meno, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na kufukuzwa Komsomol, na aliyefukuzwa Komsomol chuo kilimponyoka.

Kuhusu upinzani, jibu letu ni kwamba wengi wao hawakuwa na neno na serikali. Baadhi walikuwa watoto wa maofisa, waliovaa makoti yaliyoletwa na baba kutoka safari za nje. Walitaka kucheza dansi na kupendeza. Lakini nchi ilikuwa ndiyo imetoka kwenye amri ya chama ya tarehe 10 Februari 1948 iliyoulaani muziki usiofuata mstari. Neno jazi lilifutwa kwenye majina ya bendi, na kiongozi wa bendi maarufu, Eddie Rosner, alikuwa kambini tangu 1946 na hakutoka mpaka 1954. Katika hali hiyo kijana hakuhitaji kuwa na siasa. Aliyemfanya mpinzani ni yule aliyemjia na mkasi.

Babu yangu alisoma huko na husema walisikiliza redio za nje usiku ingawa zilivurugwa. Kama zilivurugwa, walisikiaje?

Babu yako anasema kweli, na njia zilikuwa kadhaa.

Kwanza, si kila kitu kilivurugwa. Serikali ilianza mwaka 1948 kuyazima matangazo ya Kirusi ya Voice of America, redio ya serikali ya Marekani, lakini matangazo ya Kiingereza kwa kawaida yaliachwa. Kipindi cha jazi cha Willis Conover, kilichoanza Januari 1955, kilikuwa cha Kiingereza. Conover aliongea polepole kwa sauti nzito na kwa maneno machache, hata asiyejua lugha akajifunza majina ya wapiga ala na kuyaandika daftarini.

Pili, tuelewe uvurugaji wenyewe. Ulikuwa wa aina mbili. Mitambo ya mjini ilirusha ngurumo ambayo mawimbi yake hutambaa juu ya ardhi. Nguvu yake ni kubwa karibu, na hufifia ukishatoka mjini makumi machache ya kilomita, kwa hiyo nyumba ya shambani ilisikia vizuri kuliko ghorofa ya katikati ya jiji. Aina ya pili ilikuwa mitambo ya mbali sana, ambayo mawimbi yake hupanda juu na kurudishwa chini na tabaka la anga. Hii ilifika kila mahali, ila ilikuwa na udhaifu mmoja wa jioni. Tabaka lile hupata nguvu kutoka kwa jua, na nchi zilizo mashariki huingia gizani mapema kuliko za magharibi. Mtambo wa kuvuruga uliokuwa mashariki ulijikuta gizani, mawimbi yake yakipenya juu na kupotea, huku kituo cha magharibi bado njia yake ina mwanga. Kwa saa moja au mbili za jioni, sauti ilikuja safi. Wasikilizaji waliijua saa hiyo hata wasiojua sababu yake.

Tatu, redio yenyewe. Redio za Kisovieti za masafa mafupi ziliishia bendi ya mita 25, yaani sehemu hiyo ya mawimbi ya redio. Bendi za mita 19, 16 na 13, ambako uvurugaji ulikuwa hafifu zaidi, hazikuwekwa kwenye redio za soko la ndani. Mafundi waliziongeza. Koili ya masafa mafupi ilipunguzwa mizunguko michache ya waya, na redio ikapanda kutoka megahezi 12 hadi 15. Anayeanza hukosea hapa: anapunguza koili moja tu. Redio ya aina hii ina koili ya kupokea na koili ya oskileta, yaani sehemu inayozalisha mawimbi ndani ya redio yenyewe, na tofauti kati ya masafa ya hizo mbili lazima ibaki kilohezi 465. Ukigusa moja ukaiacha nyingine, kituo kinakuja kwa mbali sana au kinatokea mahali pawili kwenye kioo. Zote mbili hupunguzwa pamoja, mzunguko mmoja mmoja, huku ukisikiliza. Kwa antena ilitosha mita 10 za waya uliotengwa vizuri na ukuta, kutoka dirishani hadi kwenye mti.

Uvurugaji haukuwa wa mfululizo. Kwa Voice of America ulisimama mwaka 1963, ukarudi Agosti 1968 majeshi yalipoingia Chekoslovakia, ukasimama 1973, ukarudi 1980, na kuisha 1987. Radio Liberty, redio nyingine iliyogharimiwa na Marekani, haikuachiwa hata siku moja mpaka Novemba 1988.

Nimesoma kwamba walitengeneza gitaa la umeme kwa simu. Inawezekana kweli?

Inawezekana, na ndivyo vijana wa huko walivyofanya katikati ya miaka ya 1960, bendi ya Beatles ya Uingereza ilipowachanganya akili. Kipande cha simu unachowekea sikio kina sumaku, koili za waya mwembamba na kiwambo cha chuma. Ukiondoa kiwambo na kuiweka koili chini ya waya wa chuma unaotikisika, waya huo huchukua nafasi ya kiwambo: unaiyumbisha nguvu ya sumaku, na koili hutoa umeme mdogo. Hiyo ndiyo pikapu, kinasa cha sauti ya nyuzi. Vijana walivinyofoa vipande hivyo kwenye simu za barabarani, na vibanda vikabaki na mikono ya simu iliyo bubu.

Nyuzi lazima ziwe za chuma, kwani za nailoni hazisikiki kabisa. Kwa nyuzi nene walichukua waya za piano. Kipande kimoja cha simu hakitoshi nyuzi sita, hivyo viliwekwa viwili au vitatu kwa mstari, na vikiunganishwa kinyume, waya ulio katikati ya viwili hufifia. Nafasi kati ya koili na waya ni milimita 3 hadi 5. Karibu zaidi, waya hugonga. Mbali zaidi, sauti hufa. Umeme wake ni mdogo sana, kwa hiyo hauchomekwi popote bali kwenye tundu la maikrofoni la amplifaya, na bila kufunikwa karatasi ya bati iliyounganishwa na ardhi, unasikia mvumo wa taa kuliko gitaa.

Palipowashinda wengi ni shingo. Vyuma vya kukanyagia nyuzi havipangwi kwa macho. Kila kimoja huwekwa kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817. Kwa waya wa sentimita 65, cha kwanza ni milimita 36.5 kutoka kichwani, cha pili milimita 34.4 kutoka cha kwanza, na kuendelea. Wasiojua hesabu hii walipiga gitaa lisiloingia kwenye tyuni hata likifungwa vipi. Na waya za piano huvuta kwa nguvu: shingo ya mbao laini hupinda kabla mwezi haujaisha.

Aliyekamatwa alifanywa nini hasa?

Inategemea alikuwa nani katika mnyororo. Kusikiliza hakukuwa kosa la jinai. Msikilizaji alitishwa kwa kufukuzwa chuo au kazi. Mtengenezaji na muuzaji ndio walioonja gereza. Kundi la Mbwa wa Dhahabu lilikamatwa mwaka 1950: Bogoslovsky alihukumiwa miaka 3 na Taigin miaka 5. Kifo cha Stalin mwaka 1953 kiliwatoa mapema, nao wakarudi kwenye kazi ileile. Baadaye shitaka la kawaida lilikuwa ulanguzi, kifungu cha 154 cha sheria ya jinai ya mwaka 1960 ya Urusi, lililomnasa kila aliyenunua na kuuza kwa faida, iwe santuri au jinzi. Asiye na kazi rasmi aliweza kupelekwa uhamishoni kati ya miaka 2 na 5 kwa amri ya Mei 1961 dhidi ya waliodaiwa kuishi kama kupe.

Mstari wa kutisha ulikuwa fedha za kigeni. Aliyenunua jinzi kutoka kwa watalii kwa rubli, fedha ya Kisovieti, alikuwa mlanguzi. Aliyeshika dola zao aliingia pabaya zaidi. Yan Rokotov, mfanyabiashara wa fedha wa Moscow, alihukumiwa miaka 15, kisha sheria ikabadilishwa kwa kurudi nyuma na akapigwa risasi mwaka 1961.

Teknolojia ndiyo iliyowapunguzia hatari wanakilishaji. Kinasa sauti cha utepe kiliuzwa dukani bila kibali, wakati mashine za kurudufu maandishi zilifungiwa. Utepe wa mita 250 kwa mwendo wa sentimita 9.53 kwa sekunde hushika dakika 43 na ushee, urefu wa santuri nzima ya Beatles. Hapakuwa tena na tundu la kuchoma wala mbavu za mtu. Utepe ukikatika uliunganishwa kwa tone la asidi ya siki, mradi ni utepe wa zamani wa asetati. Ule mpya wa lavsani, yaani plastiki ya polyester, hauyeyuki na ulitaka utepe wenye gundi.

Hata hivyo marufuku ziliendelea. Januari 1985 Komsomol ya mkoa wa Mykolaiv, Ukraine, ilisambaza orodha ya bendi na waimbaji 38 wa kigeni wasiopigwa kwenye disko, kila mmoja na kosa lake pembeni. Tina Turner aliandikiwa ngono. Village People waliandikiwa vurugu. Julio Iglesias, mwimbaji wa nyimbo za mahaba, aliandikiwa ufashisti mamboleo.